Mwache Atue

Mualla amenipigia saa tisa usiku, kama zamani,
bila salamu, bila pole:
"Lile kopo bado unalo?"

Ninalo. La biskuti, mfuniko umeshika kutu.
Ndani yake zimo picha kumi na nane za mkanda,
robo tatu ya sekunde ya maisha ya mtu,
nilizozikata kwa wembe mwaka sabini na nane
katika chumba cha Beyoğlu kilichonuka siki.

Mnaikumbuka ile filamu, hata msiojua nani aliiongoza:
stelingi anakimbizwa juu ya mapaa ya Karaköy,
majambazi sita, bastola nne
(hela ya mbili zilizobaki haikuwepo),
kichochoro kinafunguka miguuni pake, anaruka,
kata: uso wa msichana dirishani,
kata: stelingi yuko mtaani, anafunga kifungo cha koti.
Ukumbi mzima ulipiga makofi. Stelingi hafi.

Aliyeruka si stelingi.
Aliyeruka ni Şakir, fundi bomba wa Kasımpaşa,
kwa ujira wa viatu vipya na mlo wa jioni,
juu ya magodoro ya sufu ambayo Mualla
aliyatoa kitandani kwa mama yake bila kuomba.
Mara ya kwanza alitua. Mara ya pili alitua.
Mara ya tatu jua lilikuwa zuri zaidi.

Aliye juu mngoje chini, husemwa.
Mimi sikungoja. Nilikata
kabla nyonga haijafika kwenye mawe.

Sasa anairudia. Ana miaka sabini na tisa,
ana fedha za watu wa Levent, ana kamera nane,
ana kijana, Tuğberk, anayening'inia kwa waya
mbele ya kitambaa cha kijani kisicho na mji.
Kichochoro kitachorwa baadaye.
Kila mara Tuğberk anatua kama paka,
kila mara Mualla anatikisa kichwa: tena.
Mara ya kumi na tisa mtayarishaji akauliza kosa liko wapi.
"Hana kosa," akasema. "Ndilo kosa."

Leo amemleta Şakir kwa teksi.
Mkongojo, kofia, mguu mmoja ukiuburuta mwenziwe.
Mualla akampisha kwenye kiti chake, akasimama.
Mzee akakitazama kitambaa, akaulizia magodoro.
"Yalikuwa na mistari ya buluu," akasema.
"Yalinukia sabuni ya mama yako."
Akaomba chai, vibonge vitatu vya sukari.

Usiku, tukiwa watatu, nimefungua kopo.
Rangi zote zimekimbia, imebaki nyekundu ya komamanga,
ila mtu anaonekana: mikono wazi, kiatu kimoja kipya kimemtoka.
Mualla hakuniuliza, nami sikumuuliza,
nani kati yetu alimwacha hewani miaka yote hii.
"Ziunge," akasema. "Wale vijana watajua kuziingiza kwenye mashine.
Kijana akisharuka, kabla ya uso wa msichana.
Zote. Mwache atue."

Mkono wangu ukatetemeka, gundi ikamwagika mezani.
Şakir akaishika ncha ya mkanda kwa vidole vya fundi bomba,
akaivuta taa karibu, akahesabu kwa sauti
tangu moja,
hadi kumi na sita, kumi na saba,
akanyamaza.
Akasema chai imepoa.