Mizani

Mizani ya mama ya kupimia unga iko mezani
na shairi hili halina mizani nyingine.
Usiku wa mwisho hapa Coyhaique
tunapima kila kitu, mimi na baba,
kijiko kwa kijiko, kama wauza dhahabu.

Mswaki nimeukata mpini: gramu sita nimeokoa.
Sufuria nimeing'oa vishikio; nitaiepua kwa soksi.
Jiko langu ni kopo la bia nililolitoboa kwa msumari,
gramu kumi na nne,
linakunywa spiriti na halisemi neno.
Ukipiga chafya karibu yake unalitafuta chini ya meza.

Ndipo baba, Nibaldo fundi wa breki za malori,
akaja na jiko la shaba la wachunga kondoo wa zamani,
akalitua.
Mshale ukazunguka, ukagota mwisho,
ukatetemeka kama mtu aliyeulizwa umri wake.

"Baba, hiyo ni nanga."
"Upepo wa kule umewahi kubeba nanga?"

Nikamtajia gesi.
"Mtungi ukiisha huko porini utampigia nani simu?"
Nikamtajia kuni.
"Kuni za kule, Millaray, zimelowa tangu zilipokuwa mbegu."
Basi. Kila mtu na jiko lake.
Mama akachukua mizani yake, akaenda kupima unga.

Siku ya tatu, tukiwa tumeipita Cerro Castillo,
upepo ulishuka kutoka kwenye barafu ukatutukana waziwazi.
Nililaza mabegi yawe ukuta, nikainjika.
Moto wa spiriti mchana hauonekani;
nikaweka kiganja juu, kuuliza kama upo.
Haukuwepo.
Nikawasha tena. Ulikuwepo kidogo.
Mchele ulikaa majini saa nzima ukiota kuchemka.

Upande wa pili wa jiwe baba alikuwa kimya kuliko mimi.
Ngozi ya pampu yake ilikuwa imekauka kama ulimi wa kiatu.
Alisukuma; hewa ikarudi ikimcheka.
Akafungua kopo la dagaa,
akaichovya ngozi kwenye mafuta yale,
akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, kama sikio la mtoto,
mpaka pampu ikapata pumzi.

Lakini jiko la mafuta ya taa haliamki kwa kusukumwa tu.
Linataka kwanza lipashwe shingo kwa spiriti.
Akapapasa mfuko huu, akapapasa ule.
Nilijua ilipo chupa yake: dirishani, nyumbani,
kando ya mmea wa mama.

Hakuomba. Alinyoosha mkono tu
na mkono ukakaa hewani.

Nikamimina vijiko viwili vya spiriti yangu
kwenye kisahani chini ya shingo ya shaba.
Mwali wa buluu tukausitiri mimi, yeye na lile jiwe,
mafiga matatu,
pua zetu karibu ziungue,
hadi shaba ikashika joto, akafungua,
likanguruma. Lo, lilinguruma
kama lori lililoonja mteremko!

Tulikula wali wenye masizi na harufu ya dagaa.
Ukoko tuliugombania,
yeye na kijiko cha chuma, mimi na changu cha plastiki,
kile cha gramu tisa,
kikavunjika mara ya pili nilipokwangua.
Alinipa chake bila kunitazama.

Asubuhi nikafungua begi la kushoto nitafute soksi,
nikalikuta jiko la shaba ndani, limeviringishwa kwa sweta lake,
limelala kama paka mzito.
Baba alikuwa barabarani tayari,
akijaza upepo tairi lisilohitaji upepo.

Sikusema kitu.
Nilihamishia chupa za maji upande wa kulia,
nikaitikisa baiskeli, ikatulia.
Kopo langu alikuwa nalo yeye, mfukoni mwa shati;
kila alipokanyaga jiwe
nililisikia.