Kielelezo Namba Tatu

Kazi yangu ni kuvusha maneno.
Hakimu husema Kiingereza, nami naliteremsha neno
polepole hadi Kigisu, kama gunia la kahawa
linaloshuka kwa punda kutoka Buginyanya.
Likiteleza njiani, mtu hufungwa vibaya.

Jumanne hii, mahakama ya Mbale,
nimekwama kwenye kadi ya zawadi.
Kadi anaijua: ya kliniki, ya kura.
Zawadi anaijua: ameoza, ametahirisha wana watatu,
hajaenda kwa mtu mikono mitupu.
Lakini mbili hizo pamoja nazisemaje
kwa Mama Khalayi, miaka sabini na mmoja,
aliyeuza madebe manne ya buni
akanunua kipande cha plastiki, akakifunga utepe mwekundu,
kwa mjukuu aliyefaulu unesi?

"Ni pesa," namwambia, "iliyovaa nguo za sherehe."
Anaitikia kwa kichwa. "Na yule akaivua."

Yule ni Wandeba Isima, mtunza kaunta, miaka ishirini na mitatu,
shati jeupe la kuazima, kola imeizidi shingo.
Aliikwangua rangi ya fedha kwa wembe,
akapiga picha tarakimu kumi na sita,
akapaka gundi, akairudisha kadi rafuni ikicheka.
Kadi thelathini na nane.
Simu, magodoro mawili, ada ya mdogo wake
(hilo la ada wakili alilisema mara mbili).

Mjukuu alifika kulipa, toroli limejaa.
Mashine ikasema sifuri.
Ikarudiwa. Sifuri.
Foleni nyuma yake ikakohoa.

Hakimu anasoma: miezi thelathini gerezani,
na fedha zote zirudi kwa wenyewe.
Hesabu huvuka kirahisi.
"Una la kusema, mama?"

Anasimama, anakaza mshipi wa gomesi.
"Miezi yake thelathini nitaianika wapi?
Haikauki kama buni, haipandi mizani.
Mimi namdai ile dakika,
mjukuu wangu akirudisha sukari rafuni,
kilo moja, kisha nyingine, watu wanatazama,
akidhani nyanya yake ni mwongo.
Anirudishie hiyo. Akiweza, mwacheni aende."

"Anasemaje?" Hakimu ameinua kalamu.

Miaka kumi na tisa nimevusha wezi, wajane, mipaka ya mashamba.
Nikafungua mdomo, Kiingereza changu kikatoka kimevaa tai:
mlalamikaji anaomba fidia.
Akaandika. Nukta.

Nje, kwenye baraza, aliuliza kuhusu kadi yake tupu.
Nikamweleza: ni kielelezo, lazima ingoje
siku kumi na nne, huenda ikakatwa rufaa.
Aliiona ndani ya mfuko wa nailoni,
utepe haujaguswa, lile fundo alilolifunga kwa meno.
"Basi mwambie mtunza stoo," akasema,
"asilifungue."

Hilo nililifikisha lilivyo.