Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mimi ni Primitiva Cusicanqui, mpiga taipu.
Sikuteuliwa na malaika. Aliniteua Padri Severo,
kwa kuwa nina mashine, nina miwani,
na mume wangu amekufa, basi jioni zangu hazina mwenyewe.

Tunataka Roma imjue Bruda Anakleto,
bawabu wa Wafransisko hapa Oruro,
aliyeshona viatu vya wachimba bati miaka arobaini na mmoja
nyuma ya mlango, chini ya kengele,
misumari midogo imebanwa kati ya meno,
ndiyo maana salamu zake zilitoka nusunusu.

Mashahidi wanakuja, wanavua kofia.
Wananukia majani ya koka na sufu iliyonyeshewa.
Doña Saturnina anaapa: mkate ulikuwa mmoja, walikula tisa, wakashiba.
Mkate wa ukubwa gani? Ananuna.
"Mwanangu, wewe andika."
Naandika: mkate; ukubwa haujulikani.

Don Hilarión mapafu yake ni vumbi la mgodi,
kila sentensi anailipia kwa kikohozi.
Viatu vyake anaviweka mezani, juu ya karatasi za askofu.
Soli haijaachia tangu ujana wake. "Huu si muujiza?"
"Huo ni ushonaji mzuri," anasema Padri.
Nimeandika yote mawili.

Na wote, wote, hata yule kiziwi wa sokoni,
wanataja komeo:
kwamba mlango wa Bruda haukuwa na komeo,
usiku wala mchana, baridi ikiuma hadi kwenye ufizi,
kwamba alikuwa na moyo mweupe namna hiyo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Nasi tunatembeza: kadi, sala ya siku tisa,
vipande vya kanzu yake, kila kimoja sawa na ukucha wa mtoto,
mimi ndiye niliyevikata kwa mkasi wa jikoni.

Lakini komeo lilikuwapo.
Nililisikia.
Usiku wa mgomo, askari wakipanda kutoka stesheni,
baba aligonga mlango ule. Nilikuwa na miaka saba,
nimeshika pindo la koti lake.
Alivuta kengele mara tatu. Ndani taa iliwaka.
Nyundo ikagonga, ikagonga, ikanyamaza.
Kisha chuma kikateleza juu ya chuma,
si kwa kufungua.

Tulilala ndani ya tanuri la mwoka mikate, kwenye majivu.
Baridi ilimla baba vidole viwili vya mguu wa kushoto.
Wiki ya tatu tukakuta viatu mlangoni petu,
vipya, cha kushoto kimefinywa palepale.
Hatukuwa tumemwambia mtu.
Baba hakuvivaa. Hakuvitupa pia.
Na Jumapili ile, nikitumwa chumvi, nilipita pale konventoni,
nikaona mbao ina matundu manne ya misumari
na Bruda ameketi chini yake, hainui kichwa.

Haya ndiyo niliyopiga taipu usiku wa jana,
ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili,
shahidi na mwandishi mtu mmoja.
Padri Severo aliusoma amesimama. Akaketi. Akausoma tena.
"Huu utatuchelewesha miaka kumi, Primitiva."
Nikamwambia, "Ana haraka gani? Si amekwisha kufa?"
Hakucheka. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

Leo nimelipeleka sanduku posta, kilo kumi na moja,
lakiri ya askofu bado inanuka moto.
Kijana wa dirishani alipima, akabandika stempu,
akauliza, bila kuniangalia,
kama ndani mna kitu cha kuvunjika.
Nikafikiri kidogo. Foleni ikaguna nyuma yangu.
Nikasema: ndiyo, kimo.