Nyeupe Nambari Kumi na Nne

Ogikubo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufulia nguo.
Saa nane za usiku, hita inanuka vumbi lililoungua.
Kazi yangu ni rangi. Sichori, situngi;
napokea mistari ya wengine, naivisha ngozi, anga na kutu.

Leo imeniangukia sehemu ya tisa, picha ya mia mbili na kumi na moja:
Nazuna anapanda ngazi ya mnara akapige kengele,
kwa kuwa barua imefika, na kaka yake hayupo tena.
Sehemu nane tumemngoja kaka huyo.
Sehemu nane Nazuna amemwekea bakuli mezani,
nami kila sehemu nimeipausha rangi ya bakuli kidogo,
bila kuagizwa na mtu, ili kungoja kuonekane.

Juu ya mchoro, kijikaratasi cha njano,
mwandiko wa Bwana Hinokuma, mzalishaji:
"Kamera ishuke. Upepo. Sketi."
Na chini kabisa, swali linalonihusu mimi:
"Chupi rangi gani?"

Sikuzaliwa mtawa.
Nikiwa na miaka kumi na mitatu, kule Akita,
theluji imeziba dirisha, nilitazama katuni ya kipuuzi
ya wasichana walioteleza bwawani kila wiki bila sababu,
nikacheka hadi bibi akagonga ukuta.
Ile haikujidai kuwa na moyo, basi haikuwa na cha kuvunja.
Wala mwili si adui wa hadithi:
sehemu ya tatu, mama mchimba kisima anaoga,
tukaona kovu kutoka begani hadi kiunoni,
na hakuna aliyehitaji kutusimulia vita.

Hinokuma naye si shetani.
Ana kikohozi kisichopona na deni la studio.
Aliniambia penye mashine ya kahawa:
"Ile mvua ya sehemu ya nne uliyoisifu,
michoro elfu sita, unadhani ililipwa na machozi?
Ililipwa na vinyago. Na mnunuzi wa vinyago anatazama chini."
Sikuwa na jibu.
Mvua ile ilikuwa nzuri kweli.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
sisi tumelitia asali, kata baada ya kata,
hata mnywaji hakumbuki alikuja na kiu gani.
Picha hii ni ya sekunde nne.
Katika sekunde nne mtu hawezi kuomboleza na kuchungulia.
Jicho huchagua. Kamera ikishainama,
Nazuna anabaki ngazini peke yake na msiba wake;
sisi sote tumeshamwacha, tuko chini, shingo zimepinda.

Orie Tsukumo, aliyeichora, habishani mikutanini.
Hubishana kwa penseli.
Kamera ameishusha. Upepo ameuleta. Sketi ameiinua.
Ila mkono wa kushoto, uliokuwa juu umeshika kamba,
ameuteremsha hadi pajani, vifundo vimekakamaa,
na ndani ya ngumi, barua.
Atakayesimamisha picha pale atakapo kuisimamisha,
ataikuta inamtazama.

Nikaelewa. Nikafungua jedwali langu.
Nyeupe nambari kumi na nne, safi kuliko zote tulizo nazo,
nikaipa barua.
Kitambaa nikakifunika kivuli,
buluu ileile ya bakuli lililopauka.

Saa kumi na moja alfajiri, ujumbe wa Hinokuma:
"Giza mno. Kwa televisheni sawa.
Kwenye diski tutakiondoa kivuli."

Chini, mashine moja ya kufulia inazunguka, mwenyewe hayupo.
Kivuli wakiondoe, ni chao, wamekilipia.
Barua nimeiunganisha na vidole katika tabaka moja;
atakayetaka kuifuta
itambidi aukate mkono.