Kidonge cha Pili

Mwaka mzima kidole kimoja kilihangaika na chawa:
Kinue na kidonge chake cheupe,
daktari wa Yokote akizidisha dozi
kila theluji ilipozidi paani.
Mashine haikusadiki.
Mia na sabini. Mia sitini na nane.
Vifundo vya miguu vikavimba,
mabuti ya mpira yakamkataa mlangoni.

Leo kapewa viwili, dozi ndogondogo:
"Hiki kilegeze mishipa,
hiki kitoe chumvi na maji."
Kwanza alipiga hesabu ya bei.
Halafu akakumbuka paa:
marehemu Eikichi na koleo lake,
miaka thelathini akisukuma theluji peke yake,
mbishi, mgongo ukimlia,
hadi asubuhi ile moja alipomwachia mkewe ngazi.
Walisukuma wawili, bila pupa,
wakashuka chai ingali moto.
Hakumwachia tena.

Wiki ya sita: mia thelathini na nne.
Anaiandika kwa penseli
kwenye kalenda ya duka la mbegu.
Vifundo vimerudi kuwa vyake.

Achari ya figili bado imo kabatini,
chungu kizima, chumvi tele.
Hiyo daktari hakuiuliza.