Radi ya Ruzizi Inapanda Ngazi

Ngazi za Kadutu zimeongezeka.
Nilipokuwa na miaka ishirini nilizihesabu: mia na kumi na mbili.
Jumamosi hii, bafle begani, nimefika mia na sitini
na mlango wa Zagabe bado uko mawinguni.
"Si ngazi," anasema Murhula nyuma yangu,
akihema kama kinanda kilichotoboka,
"ni magoti yako. Kila moja linahesabu kivyake."
Tukatua bafle tucheke.
Kubeba na kucheka, siku hizi, haviendi pamoja.

Tulijiita Radi ya Ruzizi.
Jina la vijana hilo, la suruali pana na nywele za mafuta.
Tuliapa kufika Brisele kabla ya thelathini.
Tulifika Uvira. Mara mbili.
Mara ya pili gari lilitufia Kamanyola,
tukapiga hadi alfajiri, tukalipwa nyanya.

Sasa Zagabe anasoma wimbo aliotunga mwenyewe
kwa miwani ya mkewe, ya rangi ya waridi, yenye mkono mmoja;
mkono wa pili ni waya wa gitaa.
Wakenge, mpiga ngoma, daktari amemkataza chumvi, sigara na hasira.
"Na ngoma," anaongeza mkewe, ambaye si daktari.
Besi yangu ililala miezi minne kwa Mama Cibalonza, muuza makala,
rehani ya minervali ya kitindamimba wangu.
Nilipoikomboa ilikuwa inakohoa vumbi jeusi kwenye noti za chini,
na mtoto alikuwa amefeli hesabu.

Murhula aliachwa mwezi wa tatu.
Alitupasha habari katikati ya mazoezi, kabla ya kiitikio:
"Amebeba sufuria zote. Ameniachia mifuniko."
Tukanyamaza. Kila mtu akatafuta neno la kiume, akalikosa.
Kisha Wakenge, polepole, kama anayeuliza njia msibani:
"Mifuniko ya ukubwa gani?"
Maana toazi lake limepasuka tangu Pasaka.

Mfuniko mmoja sasa unaning'inia juu ya ngoma.
Unalia tsii,
na kila ukilia Murhula hufumba macho,
sijui ni uchungu
au anakumbuka maharage.

Tulialikwa harusi huko Nguba.
Bibi harusi ni binti wa Feza,
Feza yule yule wa wimbo wetu wa kwanza,
tuliyempenda wote wanne, kila mmoja kwa siri
iliyojulikana mpaka Bagira.
*Feza, ukinikataa nitajitupa ziwani.*
Alitukataa. Hakuna aliyejitupa.
Maji ya Kivu ni baridi, na watatu kati yetu tuna presha.

Akaja mbele ya jukwaa, kitenge kipya, mkono kiunoni:
"Kumbe hamjafa?"
"Tunangoja umeme," Zagabe akajibu,
na hapo hapo Snel, wenye masikio makali, wakakata.

Giza.
Bafle iliyonivunja mgongo ikawa kiti cha shangazi wa bwana harusi.
Gitaa likabaki kuni.
Wakenge akagonga mfuniko, mara moja, kwa aibu,
na Feza akaanza kuimba wimbo wake mwenyewe
akiwa amesahau nusu ya maneno:
*ukinikataa nitajipikia ndizi.*
Ukumbi mzima ukaitikia ndizi.
Zagabe akavua miwani. Hakuihitaji tena.
Miaka ishirini na sita tumeimba kifo
wakati jibu lilikuwa jikoni.
Maneno hayo tumeyabakisha.

Saa saba usiku, ngazi tena.
Murhula anahesabu kwa sauti,
anaruka kumi hapa, ishirini pale, kama mhasibu wa serikali.
"Mia na kumi na mbili!" anatangaza. "Tumefika."
Juu, mbali, mbwa wa Zagabe anabweka.
Tukatua bafle
tukaketi pale pale tulipofika.