Udongo wa Valdis

Januari huku Aislandi jua huamka saa tano,
huchungulia, hurudi kulala.
Tunalima kwa taa na kwa mvuke,
mabomba yakinguruma chini ya meza za miche
kama tumbo la mwenye njaa.
Vioo vinatoka jasho. Nje, upepo unatafuta ufa.

Ketill aliingia bila kubisha hodi,
fundi mitambo mstaafu wa meli za kuvua chewa,
koti limefura kifuani kana kwamba amebeba mtoto.
Alikuwa amebeba jeraniamu.
Wiki tatu alilazwa hospitali,
dhoruba ikavunja dirisha la jikoni,
baridi ikaingia, ikakaa kitako.
Majani yalikuwa kama karatasi iliyolowa.
Shina moja tu lilibaki na ubichi, upande mmoja.

"Ni la Valdis," alisema.
Tulimzika Valdis mwezi wa tisa;
hatukuhitaji nyongeza.

Bergljót alitoa kisu, akakipitisha motoni.
Akakata chini ya kifundo, si juu yake,
vipande vitatu, kila kimoja urefu wa kidole cha kati.
Akapukuta majani ya chini, akabakiza mawili.
Kisha akavilaza juu ya gazeti, akaenda kuchemsha kahawa.
"Unaviacha vikauke?" Ketill alimaka.
"Kidonda kifunge kwanza.
Nani humtosa majini mwenye jeraha bichi?"

Hapo ndipo alipotoa mfuko.
Udongo wa nyuma ya nyumba yao: mweusi, mzito, unanukia,
samadi ya kondoo ya miaka thelathini,
maganda ya viazi, majivu, mifupa ya samaki,
Valdis akiufikicha kwa mikono mitupu
kila theluji inapoyeyuka.
"Vitie humu. Hakuna udongo bora kuliko huu."

Mchagua jembe si mkulima, husema watu.
Juu ya mchagua udongo wamenyamaza.

Bergljót aliunusa,
akaufinya ukawa tonge, tonge lisivunjike.
"Mzuri," alisema. "Mzuri mno.
Mtoto wa siku tatu humpi nyama.
Hiki hakina mizizi, yaani hakina mdomo.
Kitalala kwenye shibe mpaka kioze."
Akasogeza ndoo yetu: kokoto za volkano,
nyepesi kama mkate mkavu, vitundu vitupu.
"Humu hamna kitu," Ketill alisema.
"Mna hewa."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa.
Mwishowe: kimoja kwenye udongo, viwili kwenye kokoto.
Mimi niliandika vibao.

Siku ya tisa, kile cha udongo kiligeuka cheusi mguuni.
Siku ya kumi na sita, kimoja cha kokoto kikasinyaa.
Kwa nini? Bergljót alisema hajui,
naye ana miaka arobaini katika kazi hii.
Cha tatu kilisimama tu. Hakifi, hakikui,
nami kila asubuhi mkono uliniwasha
kukivuta, nione kuna nini chini.
Siku ya ishirini na nane nilikigusa kwa ncha ya kidole,
kikagoma.

"Sasa leta ule mfuko," Bergljót alisema.
Tulichanganya: konzi moja ya udongo wa Valdis,
konzi mbili za kokoto.
"Hapo vipi?" niliuliza. "Si ulisema utakiozesha?"
"Wakati ule hakikuwa na mdomo."

Ketill hakukisifu.
Aliuliza kile kilichooza kiko wapi.
Nikamwambia ukweli: kwenye pipa la mboji, pamoja na maganda.
Alifikiri kidogo.
"Vyema. Hakuwa mtu wa kutupa kitu."

Kisha akavua glavu,
akasugua jani dogo kabisa kwa kidole gumba,
harufu ya limau ikapanda katikati ya mvuke.
Alikaa nayo puani kwa muda, mgongo ametupa sisi.

Nilifuta kioo kwa kiwiko nimtazame akiondoka:
chungu pajani, kimefunikwa kwa kofia yake,
theluji inakuja ubavuni,
naye kashika usukani
na glavu mkono mmoja tu.